Unga wa Muhogo Nilioutia Kwenye Rejeta ya Dada

Mhariri, naomba jina langu ulifiche. Ya wenzangu nimeyabadilisha, maana huku Musoma gazeti moja linasomwa na mtaa mzima.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, naishi Kigera, nina mke na watoto. Shule niliishia darasa la sita, lakini kwenye magari usinichezee. Ile miaka ya shida, sabuni kwa foleni na spea huipati hata ukiwa na hela, sisi ndio tulikuwaga tunatembeza magari ya mkoa huu. Niliwahi kutoa lori Sirari mpaka Musoma, mkanda wa feni umekatika, nimefunga soksi ndefu za mke wangu, na chakula cha mchana nikakiwahi. Asiyeamini shauri yake.

Sifa hizo ndizo zimeniponza.

Dada yangu mdogo, nimwite Nyangeta, ni mjane, anaishi Bunda. Tangu serikali iseme biashara ni ruksa, anauza dagaa, ananunua huku Musoma na kuwapeleka Bunda kwa pikapu yake kuukuu. Dereva ni Masatu, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mzima mwenye familia na shamba lake Bugwema. Siku moja wamekuja kupakia, rejeta inavuja. Kidogo tu, tone, halafu tone, pale chini kwenye kiungo. Masatu akasema, "Shemeji, tuifungue leo tukapige lehemu. Safari iwe kesho."

Pale walikuwepo wauza dagaa, na watoto wa dada ambao huniita Mjomba Fundi. Nikacheka. "Lehemu ni ya watoto wa ruksa. Leteni unga."

Nieleze kidogo. Miaka ile tulikuwa tunatia unga wa muhogo kwenye rejeta. Maji yakipata moto unga unaiva, unakwenda kuziba tundu. Lakini kiasi chake ni ncha ya kijiko, na ukishafika unamwaga yote na kusafisha. Ni ya kukufikisha tu. Mimi kwa kuwa natazamwa nilitia konzi mbili. Mama mmoja akauliza, "Na kitoweo utakitia saa ngapi?" Watu wakacheka, nami ndio nikazidi kunogewa. Tone likakoma. Nikamwambia Masatu, "Kifuniko usikiguse mpaka niseme mimi, dawa isije ikatoka." Akajibu, "Sawa shemeji." Habari ya kusafisha sikuitaja. Wiki hiyo dada akanitumia jogoo wa shukrani, nikamla, nikasahau.

Haikupita muda, pikapu imejaa dagaa, ikachemka karibu na njia panda ya Butiama. Injini ikanoki, ikafa kabisa. Nikaitwa mimi bingwa niitazame. Nilipofungua kifuniko nilikuta ugali. Hapa siongezi chumvi, ungeuchota kwa kijiko. Nikafunga haraka kabla dada hajasogea.

"Maji yalikuwepo?" akauliza.

"Kidogo."

Akamgeukia Masatu. "Kumbe ulikuwa huangalii maji?"

"Shemeji hapa alinikataza kufungua."

"Kweli, kaka?"

Nikasema, "Nilimwambia asifungue ikiwa ya moto. Dereva gani asiyejua hilo?"

Masatu aliniangalia, hakubisha. Kwetu mtu habishani na shemeji yake mbele ya watu, na mimi wakati natamka maneno yale nilijua hatabisha.

Sasa dada amemwondoa kwenye kazi, na kaka zake Masatu wamepanga kikao mwisho wa mwezi. Wanasema kama ni uzembe, atoe maksai wake wauzwe, injini ipatikane. Ndio maksai anaolimia kule Bugwema, na mvua ziko karibu. Wakitoka wale, mke wake na watoto watalima kwa jembe la mkono, na watakacholima hakitawafikisha mavuno mengine.

Rejeta niko nayo nyumbani, nilidai nakwenda kuitengeneza. Naimwagia maji ya moto, inatoa mabonge, kuku wanadonoa. Mke wangu akauliza ni nini kile. Nikamwambia kutu.

"Kutu nyeupe," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, Masatu alikuja na samaki mkononi, sato mkubwa. Nilidhani amekuja kugomba. Akasema, "Shemeji, labda siku ile mimi ndio sikukuelewa. Naomba kwenye kikao uwepo uniombee. Wewe ndiye unajua magari, watakusikiliza." Nikamjibu nitakuwepo. Tukamla yule sato kwa ugali wa muhogo.

Nikisema ukweli, huo ndio mwisho wa Mjomba Fundi, na mji mzima utanicheka kwamba nilisonga ugali ndani ya gari. Niliwaza nitoe ng'ombe wangu kimyakimya badala ya maksai wa Masatu. Lakini wale ng'ombe ninaowasimuliaga watu, ambao nasema wako Buswahili kwa rafiki yangu, hawapo. Hawajawahi kuwepo.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, nielekezeni kabla kikao hakijafika. Nianzie kwa dada, au kwa Masatu? Na neno la kwanza ninalitamkaje, mtu ambaye tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtu kwamba nimekosea? Rejeta bado iko uani, na leo asubuhi imetoa bonge jingine.