Moyo wa Shangazi Teya Siku za Alhamisi

Eleuteria Hinestroza, ambaye sisi watu wa kijiji cha Remanso twamwita Shangazi Teya, alianza kuugua moyo mwaka ule ule aliotoka eda. Watu wakanong'ona kwamba marehemu mumewe anamvuta. Maneno yalipomfikia, akasema Aquilino alipokuwa hai hakuweza kumvuta mtu atoke kitandani, sembuse sasa yuko kaburini.

Ni mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kuita boti lililokwisha kupita. Usichana wake aliumaliza majini, maji yakimfika kiunoni, akichekecha dhahabu kwa sinia la mti. Alipoolewa akaacha dhahabu akashika nazi. Kwa kashata alilea watoto wanne, na wote sasa wako jijini Medellín, wanampigia simu kila Jumapili kumuuliza kama amekula. Nyumba yake imesimama juu ya nguzo ukingoni mwa mto Atrato, na kila boti linalopanda au kushuka linapunguza mwendo pale ili watu wanunue.

Alianguka katika sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, katikati ya ngoma. Tulimbeba watu sita hadi zahanati. Zahanati yetu ni chumba kimoja chenye antena juu ya paa, na mhudumu wake ni mimi, Nelcy. Daktari hatuna. Nilimbandika waya kifuani, nikaunganisha kile kijimashine na simu, na michoro ya moyo wake ikaenda hospitali ya mjini Quibdó. Muda si mrefu uso wa kijana mwenye miwani ukatokea kwenye kioo cha simu.

"Mama, mimi ni Daktari Palomeque. Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Wewe umeshakula? Mbona umekonda hivyo?"

Daktari akasema moyo unapiga ovyo, kama mpiga ngoma aliyelewa, lakini una dawa. Akaagiza vidonge, na akaagiza Shangazi avae kibandiko kidogo chini ya titi la kushoto. Kibandiko kile kinasoma mapigo usiku na mchana na kuyatuma Quibdó kupitia simu yake, na kila Ijumaa wangezungumza.

Mwanzo alikichukia. Alisema tangu azaliwe hajawahi kuwa na mwanamume anayemfuatilia kiasi hicho. Akicheza dhumna na majirani, simu inalia. "Mama Teya, kuna nini? Moyo umeruka." Naye anajibu, "Kuna wezi, mwanangu. Huyu Domitila ameficha kete." Siku moja daktari alipiga akamkuta amepanda juu ya mnazi wa jirani anayechelewa kumletea nazi. Akamsihi ashuke. Akashuka, lakini na nazi zake. Hata hivyo dawa alimeza, na miezi ikapita hajaanguka tena. Polepole wakazoeana, mpaka ikawa Ijumaa daktari asipopiga mapema yeye ndiye anampigia, kumuuliza kama kuna msiba.

Ijumaa moja tulikuwa wote kibarazani kwake, simu imeegemezwa kwenye sufuria.

"Mama Teya," daktari akasema, "kuna kitu kinanisumbua. Kila Alhamisi mchana moyo wako unakwenda mbio. Si mapigo mabaya, ni ya haraka tu, halafu yanatulia. Siku hiyo unabeba mizigo?"

"Hapana."

"Unapanda ngazi?"

"Ngazi napanda kila siku."

"Kuna mtu anakuudhi?"

Shangazi akajifanya anafukuza nzi. Mimi nikashindwa kujizuia.

"Alhamisi linapita boti la mafuta, daktari."

"Nelcy, umeulizwa wewe?"

"Na hilo boti anaendesha nani?" daktari akauliza.

"Mzee mmoja mjane, Crisanto Perea. Husimama hapa kununua kashata. Hachelewi hata mvua ikinyesha."

"Anapenda sana kashata?"

"Meno ya nyuma hana hata moja. Sijui anazitafunaje."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamtoka. "Basi Mama, ugonjwa huo mimi siuandikii dawa."

"Kata simu," Shangazi akaniambia. "Kijana huyu hana adabu." Lakini uso wake ulikuwa wa msichana.

Baada ya hapo kila Alhamisi nilimkuta amevaa nguo ya maua na amejipaka mafuta ya nazi. Mzee Crisanto anafunga boti, anasimama kwenye ngazi, wanazungumza juu ya maji ya mto kujaa na kupungua, basi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye hujawahi kumsikia akimaliza sentensi.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mvua ikinyesha, nilikuwa shuleni nikipima watoto uzito. Kwa Shangazi, Mzee Crisanto alikwisha kuteremsha mapipa ya mafuta dukani, akaja kama kawaida, akaweka mguu ngazi ya kwanza, akakaa.

"Teya, nipe maji."

Hakuwahi kuomba maji. Shangazi akamtazama, akaona uso umekuwa kijivu na jasho linamtiririka wakati kuna baridi. "Unaumwa wapi?"

"Taya. Na mkono huu, kama si wangu. Hapa kifuani kuna jiwe."

Shangazi hakupiga kelele. Alichukua simu akampigia daktari, kisha akamtuma Domitila aniite. Nilipofika nikihema na sanduku langu, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye sinia la kashata na daktari alikuwa anaamuru kama jemadari.

"Nelcy, mpe aspirini atafune, asimeze nzima. Hiyo chupa ni ya nini?"

Domitila alikuwa ameleta pombe ya miwa ya kumpasha joto. Daktari akamwambia airudishe kwake, naye akairudisha akiwa amenuna. Nikambandika mzee waya. Michoro ikaenda. Daktari aliitazama, na sauti yake ikabadilika.

"Mshipa wa moyo umeziba. Boti la wagonjwa linaondoka hapa sasa hivi, na nyinyi ondokeni huko. Tukutane njiani. Mna boti?"

Boti la mafuta lilikuwa pale pale, tupu, lenye injini kubwa kuliko zote mtoni. Mwendeshaji ndiye mgonjwa. Nikashika usukani mimi, maana kwetu mtoto hujifunza mto kabla ya kusoma. Tulimlaza mzee juu ya magunia, Shangazi akampakata kichwa, mkono mmoja umeshika mwavuli na mwingine umeshika simu.

"Kushoto," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Kuna gogo."

"Mzee, usiongee," daktari akasema kwenye simu.

"Anaendesha vibaya..."

"Usiongee."

Tukawa tunapasua mvua. Mara daktari akasema, "Mama Teya, moyo wako nao nauona. Umepanda sana, na safari hii si mzuri. Meza kile kidonge cha akiba, kisha kaa utulie."

"Nimekaa."

"Mama, ukianguka na wewe, nianze kumtibu nani?"

"Anza na huyu. Mimi nimeshakuzoea, nitakusubiri."

Mzee Crisanto akafumbua macho. "Umesema nini?"

"Nimesema unyamaze."

Shangazi akameza kidonge. Simu ilipoteza mtandao kwenye kona ya mianzi, na kwa kipande hicho tulikuwa watatu tu na mvua. Shangazi akaanza kuimba chinichini, si wimbo wa msiba, wimbo wa kubembeleza mtoto. Tulipotoka kwenye kona tukaliona boti la wagonjwa, taa yake nyekundu ikikata mvua. Muuguzi aliruka kwetu kabla hata hatujafungana kamba. Alikuwa amekwisha kuisoma michoro yote njiani, na sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda ilikuwa tayari mkononi. Kabla hatujafika Quibdó rangi ilianza kumrudia mzee, naye akaulizia boti lake limefungwa wapi.

Alikaa hospitali majuma mawili, akawekewa kijibomba kwenye mshipa na kubandikwa kibandiko chake. Shangazi hakurudi Remanso mpaka walipotoka pamoja. Walibishana njia nzima. Mzee alitaka wakakae kwake Quibdó, karibu na hospitali.

"Hospitali ninayo mfukoni," Shangazi akamwambia. "Wewe njoo kwangu."

Akaja. Alileta machela yake ya kulalia, redio, na kasuku anayetukana. Boti la mafuta sasa anaendesha mpwa wake. Padri alipopita mtoni akawafungisha ndoa kibarazani, na Daktari Palomeque alikuja na boti la abiria, mara ya kwanza tunamwona ana miguu. Shangazi alimlisha samaki wa kupaka na ndizi hadi akafungua mkanda.

Siku hizi daktari anapiga Ijumaa na kuzungumza na wote wawili, wamebanana mbele ya simu, kila mmoja akimshitaki mwenzake. Mzee anasema Teya anaficha chumvi chini ya kitanda. Shangazi anasema huyu hatembei alivyoagizwa, anatembea hadi kwenye dhumna na kurudi. Kasuku naye anatia lake, na daktari, huko aliko, anajifanya hasikii.