Dakota ya Miezi Minne na Siku Kumi

Juu ya kabati langu ipo ndege ya plastiki, urefu wake kiganja na nusu. Ni Dakota, ile ya zamani ya injini mbili inayokalia mkia ikiwa chini. Ubavu mmoja una mstari mwekundu ulionyooka. Wa pili mstari wake umepinda, na wageni hunicheka: "Hapa ulikuwa wasinzia nini?" Nawaambia upande uliopinda si wangu, ni wa mavyaa wangu, mama yake marehemu mume wangu wa kwanza. Waliomjua bibi yule hawaamini hata kidogo. Lakini alishika brashi, tena mbele ya macho yangu, na siku hiyo hiyo nilimdanganya. Alikufa hajaujua ukweli.

Mume wangu alikuwa mpakiaji wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Malindi, miaka ya themanini. Mzungu mmoja mzee, abiria wa kila mwaka, alimzoea, akawa humletea kisanduku cha ndege ya kuunda mwenyewe. Ndani mna vipande vidogo vidogo vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki. Unavikata kwa wembe, unavigandisha kwa gundi, unapaka rangi. Mtu mzima na ndevu zake, akirudi kazini anakaa mezani kwangu na wembe. Nilikuwa nikimwambia, "Wanaume wenzio wako barazani wacheza bao, wewe wanichezea mezani." Anacheka tu, haachi.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa Dakota. Ndiyo ndege ya kwanza aliyoipakia mizigo alipoanza kazi, kijana bado hana masharubu, na alikuwa akiitaja kama mtu anavyomtaja somo yake. Aliiunda mwezi mzima.

Siku moja kabla ya Idi, mchana, nimetandika meza yangu kitambaa kipya cha plastiki chenye maua, natoka jikoni na sinia la visheti, naona tundu katikati ya maua. Gundi ile hula plastiki. Wallahi sikumbuki nililiweka wapi lile sinia. Naikumbuka Dakota iko sakafuni, na mimi naikanyaga. Haikuanguka kwa bahati mbaya ikakutana na mguu wangu. Niliikanyaga kwa kusudi, mara mbili.

Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavitia katika mkebe wa biskuti, akasema, "Haya, yamekwisha." Kisha akatoka na mkebe wake na sikujua aliupeleka wapi. Tangu siku hiyo alifanyia kazi yake uani.

Mwaka uliofuata alimwomba yule mzee amtafutie Dakota nyingine. Akaambiwa kiwanda kimeacha kuitoa. Mwaka wa pili jibu likawa hilo hilo, na wa tatu vilevile. Alikuwa akifungua kisanduku kipya, anatazama kwanza picha ya juu, halafu ananitazama mimi na kutabasamu. Tabasamu lile liliniuma kuliko matusi, na neno la samahani sikulitoa miaka mitatu. Nilijiambia iko siku. Mwaka wa nne, kabla mzee hajafika, homa ilimshika mume wangu Jumatatu, Alhamisi tukamzika.

Nikakaa eda. Asiyeijua asikie: mjane hakai na mwanamume asiye maharimu wake, hatii udi, wanja wala hina, hatoki nyumbani bila dharura, miezi minne na siku kumi. Mavyaa alihamia kwangu akanikalia. Hatukujaaliwa mtoto, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, yeye na tasbihi yake, mie na dari. Nilizijua boriti zote. Kila asubuhi ndege ya kwanza ikipita juu ya mabati, najua sasa hivi mlango wake wafunguliwa na mtu mwingine ashusha mizigo. Natamani kukimbia nipige kelele barabarani, na hata uani kwenyewe mavyaa hukohoa nikikawia.

Kikohozi nilikivumilia. Sifa zake ndizo zilizonishinda. "Mwanangu alipata mke," alikuwa akiwaambia wanawake wanaokuja kunipa pole. "Hakuniletea hata siku moja lalamiko juu yake." Nainamisha kichwa. Wao waona ni haya, kumbe nilitaka ardhi inimeze.

Mwezi wa pili, mwenzake marehemu wa kazini alibisha hodi. Mimi nilibaki nyuma ya pazia, mavyaa ndiye aliyetoka barazani. Nikamsikia yule bwana, baada ya shikamoo na pole, asema: Mzungu amefika, amepewa habari za msiba, ameshika kichwa. Alikuja na kisanduku cha marehemu. Kiwanda kimeitoa tena. Sanduku jipya, picha mpya, lakini ndani ni ile ile.

Mavyaa akaingia nacho. Dakota. Nilikaa chini pale pale nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko, na yeye akanipigapiga mgongo akidhani namlilia mwanawe peke yake.

Nikaamua. Eda ikimalizika kaka yangu angekuja kunichukua anipeleke Takaungu, kwenye nyumba yenye watoto saba, na huko ndege ya plastiki haiundiki. Ama niimalize humu ndani, ama basi. Nilimvunjia moja, nilitaka nitoke mlangoni nimeshika nzima. Sikuwa na njia nyingine iliyobaki ya kumwomba radhi.

Mavyaa alipinga mwanzoni. "Mwanamke wa eda na mchezo wa watoto?" Nikamwambia ni kazi ya mwanawe iliyobakia, naimalizia. Akarudi kwenye tasbihi yake.

Vipande niliviunganisha kwa kufuata picha. Ee, nilijua sasa kwa nini mtu hukaa mwezi! Bawa moja nililigandisha juu chini nikalibandua. Kioo cha mbele nilikishika na kidole chenye gundi, kikaingia ukungu usiofutika hadi leo. Stika nililoweka katika kisahani cha chai, kisahani kile kile nilichokuwa nikimnyang'anya. Rangi alizoacha marehemu nyingi zilikuwa zimekauka. Iliyobaki hai ni nyekundu, na mstari wa madirishani ulikuwa mwekundu, alhamdulillahi.

Siku tatu kabla ya kutoka eda nilipaka ubavu wa kwanza. Sikujua kwamba rangi ile haitoki kwa sabuni. Ilikuwa Ijumaa, na wifi yangu alifika kutoka Mambrui. Nikampa mkono.

"Subhanallah! Kucha nyekundu! Ndani ya eda!" Sauti yake waliisikia mpaka kisimani. "Kaburi la ndugu yangu halijakauka, wewe wajipambia nani?" Nikasema ni rangi ya ndege. Akasema ndege gani avaa rangi ya kucha? Majirani walishajaa mlangoni. Nilimwonyesha ile ndege, akaniambia nisimfanye mtoto mdogo.

Mavyaa alikuja, akashika vidole vyangu, akavinusa. Akamgeukia binti yake: "Toka. Na huko nje ufunge mdomo wako." Lakini wifi alipoondoka, mavyaa aliniletea mafuta ya taa na kitambaa, akasimama juu yangu nikisugua mpaka ngozi ikawaka, kisha akachukua kikopo cha rangi akakifunga katika pindo la kanga yake. "Basi. Watu wana midomo."

"Mama, upande mmoja bado."

"Nimesema basi."

Siku mbili nikaitazama ile ndege ya ubavu mmoja. Siku ya mwisho, baada ya adhuhuri, mavyaa alivaa miwani, akaketi mezani, akafungua pindo.

"Mimi sina eda," alisema. "Nipe."

Mkono wake ulitetemeka, na mstari ukaenda nao. Alipaka dirisha la kwanza, la pili, ulimi ameuma kama mtoto wa chuo cha Kurani. Kisha akaanza kusema, bila kuinua macho.

"Ile ya kwanza aliniletea mimi, waijua? Kwenye mkebe wa biskuti. Mwanamume mzima analia. Aniambia: Mama, imeniponyoka, nikaikanyaga mwenyewe. Nikamgombeza mie! Nikamwambia wewe mikono yako tangu utotoni haishiki kitu. Mpaka leo najuta, kwani hakunijibu hata neno." Akachovya brashi. "Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Ilimponyoka kweli?"

Mlango ulikuwa wazi, na kesho yake nilikuwa huru kupita. Nilifumbua mdomo, wallahi nilifumbua. Nikaona ule mkono wa kizee unavyojitahidi usitoke nje ya mstari.

"Ilimponyoka, mama," nikasema.

"Maskini," akasema, akaendelea kupaka.