Chai ya Mabonge

Juzi nilikuwa Homa Bay mjini kwa shughuli zangu, nikaingia hoteli moja mpya yenye viti vya vitambaa, nikaagiza chai. Dada wa mezani akaniletea kikombe cha maji ya moto, kibirika cha maziwa, sukari ndani ya kikaratasi, na kifuko cha majani chenye uzi. Akaviweka mezani, akanitakia asubuhi njema, akaenda zake. Nikangoja. Rafiki yangu, niliketi pale robo saa nzima nikiamini mpishi anakuja kuviunganisha. Mwishowe nikamwita yule dada nikamuuliza chai yangu iko wapi, naye akakinyooshea kidole kile kifuko, kwa upole wa mtu anayemwelekeza mgonjwa.

Nikajipikia mwenyewe pale mezani, mbele za watu, kwa kuchovya. Niliinywa kwa hasira. Yaani mtu nitoke nyumbani, nipande gari, nifike hotelini, halafu chai nijipikie! Nyanya yangu angekiona kile kifuko angeuliza ni dawa ya nini. Basi hasira ile ndiyo iliyonirudisha miaka ya tisini, nikaanza kuzikumbuka chai zangu moja moja.

Kwetu ni Awendo. Miwa kila upande, matrekta yakipita mchana kutwa, na sisi watoto tukiyakimbilia nyuma kuchomoa miwa. Ungedhani tulikuwa tunaogelea kwenye sukari. Wapi! Nyumbani tulikunywa turungi, chai kavu isiyo na maziwa, na sukari yetu ilikuwa guru, lile bonge la kahawia linalopikwa kwa maji ya miwa. Guru haikutiwa kwenye chai. Ulipewa kipande chako, ukakiweka shavuni, kisha ukapitisha turungi juu yake funda kwa funda. Ufundi ulikuwa kuhakikisha kipande na kikombe vinaisha pamoja. Kaka yangu alikuwa akimaliza guru yake kwenye funda la pili, halafu anabaki kuliangalia shavu langu kwa huzuni.

Shuleni kulikuwa na chai nyingine, ila hiyo hatukuinywa, tuliinusa tu. Saa nne harufu ilitoka ofisi ya walimu, ikavuka uwanja, ikaingia darasani bila kubisha hodi. Mwalimu wetu wa hesabu alirudi kutoka huko na povu la maziwa kwenye masharubu, akaanza kutufundisha sehemu, robo na thuluthi, na darasa zima tumekodolea macho lile povu. Mpaka leo nikiona robo na thuluthi nasikia kiu.

Lakini bingwa wa chai zote alikuwa nyanya yangu, mama yake baba, aliyeishi nje kidogo ya Sindo, mahali ambapo ukifungua dirisha unapata ziwa pamoja na harufu ya omena, dagaa wa huko. Kila likizo ya Agosti nilitumwa kwake na bonge la guru lililofungwa kwa gazeti. Sufuria yake ya chai ilikuwa na msumari wake ukutani, mbali na sufuria za samaki, na ole wake aliyeigusa kwa kazi nyingine. Alitia maji na maziwa pamoja, tangawizi iliyopondwa, na majani aliyoyapima kwa kiganja. Chai ilipanda mara tatu, ikaepuliwa mara tatu, na haikutoka jikoni mpaka iwe na rangi ya udongo wa vyungu. Ilinukia moshi kidogo. Watu waliokuwa wakipita njia walisimama kutoa salamu ndefu zisizo na maana yoyote, mpaka waambiwe waketi.

Shida ni kwamba nyanya aliwapima watu kwa chai. Na alikuwa na binti mmoja bado nyumbani, shangazi yangu, kwa hiyo kila mwanaume aliyekuja kumposa alipimwa kwa kikombe. Wa kwanza, karani mmoja wa tai na viatu vya kung'aa, aliacha nusu kikombe akasema ameshiba. Nyanya akasema, "Huyo hata mke atamwacha nusu." Wa pili alitia vijiko sita vya sukari. "Huyu hatafuti mke, anatafuta duka." Wote wawili waliambiwa wasijisumbue kurudi. Shangazi hakulalamika, maana hata yeye hakuwa na haja nao.

Wa tatu ndiye aliyekuwa na haja naye, tena haja ya kukosa usingizi. Alikuwa dereva wa trekta la miwa huko kwetu Awendo. Walijuana shangazi alipokuja kumsaidia mama alipojifungua. Mwanaume mrefu, mkimya, mwenye vidole vya grisi isiyotoka hata kwa jivu. Wiki ile aliyotarajiwa, shangazi aliniita nyuma ya nyumba, akanishika mabega.

"Mimi siku hiyo nitakaa chumbani, siruhusiwi kuonekana jikoni. Wewe ndiye utapika chai," akasema. "Nyanya akimkataa huyu, mimi sitaki mwingine. Umesikia? Ukiniharibia, sitakusuka nywele tena maisha yangu yote."

Nilikuwa na miaka kumi. Habari ya ndoa sikuielewa vizuri, lakini hiyo ya nywele ilinitetemesha.

Sasa nikwambie dhambi yangu. Nyanya aliweka sukari nyeupe ya dukani kwenye kopo juu ya rafu, na kwangu mimi mtoto wa guru, sukari nyeupe ilikuwa Krismasi. Kila nilipopita hapo nililowesha kidole kwa mate, nikachovya. Mara moja tu. Kesho yake tena, mara moja tu. Siku ya wageni ikafika, nikabandika maji na maziwa ya ng'ombe wa jirani, nikatia tangawizi, nikatia majani, chai ikaanza kupanda vizuri kabisa. Nikafungua kopo nitie sukari. Nikaona bati.

Yawa! Nililitazama kopo, kopo likanitazama. Wageni walikuwa wameshaketi sebuleni: dereva ndani ya koti la kuazima, na jagam wake, yaani mshenga, mzee wa maneno mengi aliyeanza kuusifu ukoo wa watu kabla hata ya kukaa. Kumwambia nyanya kwamba sukari imeisha kulikuwa sawa na kujipeleka polisi. Ndipo nikaikumbuka guru yangu. Nikajisifu kwa akili zangu, nikavunja kipande cha ukubwa wa ngumi, nikakitumbukiza ndani ya chai inayochemka.

Kama wewe ni mtu wa miwa, najua umeshashika kichwa. Guru na maziwa motoni havipatani hata kidogo. Mimi ningejuaje? Kwetu guru iliishi shavuni, haikuwahi kukutana na maziwa. Chai ilitulia kwanza, halafu ikakatika. Maji huku, mabonge kule. Nikakoroga, mabonge yakazidi. Nikachuja, yakaziba chujio, na kile kilichopita kilikuwa kama maji ya mfereji. Nikayarudisha mabonge sufuriani, nikaketi chini, nikalia.

Nyanya akaingia. Akaitazama sufuria. Akalitazama kopo. Kisha akanitazama kidole, naapa, kidole chenyewe. Maziwa mengine hayakuwepo, ng'ombe wa jirani alikuwa ameshakamuliwa. Nikasubiri kofi. Akasema, "Peleka."

"Dani, imekatika," nikasema, maana ndivyo tulivyomwita nyanya.

"Nimeona, nyakwara, mjukuu wangu. Peleka hivyo hivyo. Na mimi unimiminie."

Nikapeleka. Kwenye upenyo wa pazia la chumba niliona jicho moja la shangazi. Lilivitazama vikombe, likafumba.

Jagam alipiga funda lake la kwanza katikati ya hotuba, na hotuba ikakatika pia. Alimeza kwa taabu, akaweka kikombe chini, akatangaza kwamba daktari amemkataza maziwa. Dereva alimgeukia kwa mshangao. Ilionekana hata yeye alikuwa anaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Kisha dereva akanywa. Akatulia. Akaanza kutafuna. Umewahi kumwona mtu akitafuna chai? Alitafuna taratibu, uso mtulivu, kama mtu aliyechinjiwa kuku. Nyanya, aliyeketi kwa heshima mbali kidogo, kwenye kigoda chake karibu na mlango, naye alikuwa akinywa na kutafuna, macho hayambanduki. Wakatafuna hivyo wakati mrefu. Mimi nilisimama na birika mkononi huku nikiziaga nywele zangu.

Dereva alimaliza. Alikiinua kikombe, akakigonga chini kwa kidole mpaka bonge la mwisho likadondoka mdomoni. Halafu akasema kwa sauti yake ndogo, "Mama, nimeonja guru humu. Mmekumbuka kwamba natoka Awendo. Nimeshukuru. Kama imebaki, niongezewe."

Nyanya hakuwa mtu wa kucheka mbele ya wageni. Siku hiyo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. "Muongezee mkwe," akaniambia. Mkwe! Nyuma ya pazia kitu kikaanguka kwa kishindo. Baadaye tulijua ni shangazi mwenyewe.

Walioana Desemba, na nywele zangu zikaendelea kusukwa. Kuhusu sukari, nyanya hakuniuliza kamwe. Ila kila likizo iliyofuata, nikifika mlangoni kwake kabla hata ya salamu, aliniambia, "Nyoosha kidole," akakikagua mbele na nyuma, kisha ndipo nikaruhusiwa kuingia.

Nyanya alituacha miaka mingi baadaye, akiwa mzee sana. Baada ya mazishi, mimi na shangazi tulivuta sanduku lake la mbao kutoka chini ya kitanda ili tugawane leso zake. Chini kabisa, chini ya leso zote, kulikuwa na pakiti ya sukari ndani ya karatasi yake ya zamani, imefungwa kwa kamba, haijafunguliwa. Sukari yenyewe ilikuwa imeshikana ikawa jiwe.

Shangazi aliigeuzageuza mikononi. "Hii nilimletea mimi kutoka Migori. Ya wageni, siku ile. Akasema anaificha kwa sababu nyumbani kuna panya mwenye kidole." Akanitazama. "Na mimi miaka yote hii nadhani uliimaliza na hii!"

Kumbe siku ile aliposema "Peleka", sukari ilikuwa hatua kumi kutoka jikoni. Angeweza kuitoa, tukapika turungi safi, mambo yakaisha. Tuliketi kitandani kwake tukacheka mpaka watu waliokuwa nje wakaja kuuliza kuna nini, halafu tukalia, maana tulimkumbuka sana na hapakuwa na wa kumuuliza.

Mjomba, maana ndivyo ninavyomwita yule dereva, aliivunja ile sukari kwa nyundo. Sufuria ya chai haikuwa kwenye msumari wake, sijui nani aliondoka nayo katika shughuli za matanga, kwa hiyo tulipikia sufuria ya kawaida, ikapanda mara tatu. Nikammiminia yeye kwanza. Nikamwambia, leo sema kweli, ile chai ya siku ile ilikuwaje?

"Mbaya," akasema. "Mbaya sana. Tumbo lilinisumbua mpaka Awendo."

"Sasa kikombe cha pili uliombea nini?"

Alikitazama kile kigoda pale karibu na mlango. "Nyanya yako alikuwa anainywa," akasema. "Ningemwachaje aimalize peke yake?"

Sukari ile tuliimaliza siku hiyo hiyo, mpaka punje za mwisho zilizobaki kwenye karatasi. Hizo nilizichovya mimi, kwa kidole kilicholoweshwa mate, mara moja tu. Nikainua macho kuelekea mlangoni, lakini hakukuwa na mtu wa kuniambia nikinyooshe.