Profesa Aliyebishana na Picha Yake

Mdogo wangu ni profesa wa afya ya jamii. Chuo kilimpa likizo ya mwaka mzima aandike kitabu, na haikupita miezi miwili nyumba ikatushinda. Mkewe akisema chumvi imekwisha, anaulizwa ushahidi. Mimi nikisoma gazeti, ananiambia, "Kaka, huyo mwandishi mbishie." Shemeji akaninong'oneza, "Mpeleke kwa wanafunzi wake kabla hajanitungia mtihani."

Kweli, wanafunzi walikuwa wamemkaa rohoni, hasa ubishi wao. Ana mtindo wake: katikati ya kila somo husema uongo mmoja kwa uso mkavu, kisha hunyamaza. Haendelei mpaka mwanafunzi asimame ambishie. Mimi shule iliniishia darasa la nne, mengine nikajisomea, lakini elimu niijuayo ni hiyo: mwalimu anakutegea, nawe unajinasua. Siku hizi wanataka kumezeshwa.

Tukaenda. Ukumbi umejaa, mwalimu hakuna. Ukutani yuko mdogo wangu mwenyewe, na tai yake, anafundisha. Chuo kilirekodi masomo yake ya mwaka jana, na badala ya kutafuta mtu wa kumshikia nafasi, kinawasha picha. Tukakaa nyuma.

"Maji yakishachemka," picha ikasema, "hakuna sumu inayobaki."

Mdogo wangu akanigusa kwa kiwiko, akitabasamu. Ndio mtego. Lakini picha haikunyamaza, ikarukia mada nyingine. Fundi wa kurekodi alikuwa amekata kila palipokuwa kimya na sauti za wanafunzi, eti kuokoa muda. Uongo kauacha, masahihisho kayatupa. Nao wanafunzi wameinamisha vichwa, wanaandika.

Akasimama. "Si kweli. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Madini ya risasi yanabaki humohumo."

Kijana mmoja akageuka. "Mzee, samahani, tunasikiliza."

"Mnasikiliza uongo."

"Profesa ndiye kasema."

"Profesa ni mimi."

Wakacheka. Ndevu alizofuga likizoni na kandambili alizovaa zilimponza.

"Kama Profesa ni wewe," binti wa safu ya mbele akasema, "na yule pale pia ni wewe, basi mmoja wenu mwongo. Tumwamini yupi, na kwa nini?"

"Kaka, umemsikia?" Macho yalimng'aa. "Huyu anabisha."

Kelele zikamleta mkuu wa idara, ambaye alimtambua mara moja. "Profesa, uko likizo. Huruhusiwi kufundisha. Tutarekebisha ukirudi."

"Mtihani lini?"

"Wiki ijayo."

"Na jibu la swali la maji?"

"Litasahihishwa kufuata kilichofundishwa."

Alilisema hilo bila haya, mtu mwenye shahada tatu. Zamani mwalimu akikosea ubaoni alifuta kwa mkono wake mwenyewe, na vumbi la chaki likamkaa shatini siku nzima.

Mdogo wangu alitoka, akaketi kwenye ngazi za nje, akasema anayetaka kubisha amfuate. Binti akaja, kisha wengine wanne. Waliobaki walibaki kwa sababu mahudhurio huchukuliwa ukumbini.

Jioni shemeji akamuuliza, "Na kitabu, baba?"

"Kitangoja. Hawa wakishafaulu watakabidhiwa visima vya watu."

Sasa kila asubuhi anakwenda kukaa kwenye zile ngazi, profesa mzima, kama muuza karanga, na ndani ukuta unaendelea kufundisha uongo kwa sauti yake.