Mikono Iliyosahau Karanga

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mjini Homa Bay alinikabidhi daftari, kalamu na onyo. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha ngumbaru, yaani darasa la watu wazima, na kuwaandikia hadithi za kusoma.

"Una miezi mitatu ya majaribio," alisema. "Darasa la Kosele likizidi kupungua, nalifunga, nawe urudi shambani."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimeshamtambia mama mkwe kwamba nimepata kazi ya serikali.

Hadithi yangu ya kwanza ilimhusu Mama Rosa, mwanamke nadhifu aliyechemsha maji, akachimba choo, akapendwa na wote. Niliisoma kwa madaha. Wanafunzi wangu, wote akina mama, waliendelea kumenya karanga walizokuja nazo, kra, kra, bila kuinua macho. Nilipomaliza, mkubwa wao, Mama Atieno, alinihurumia.

"Mwalimu, huyu mama yako hana shida hata moja. Sasa sisi tungojee nini?"

Nilikasirika, tena sana. Lakini maneno yake hayakunitoka, na wiki hiyo niliandika upya. Safari hii Mama Rosa amepata barua ya mumewe, hajui kusoma, na msomaji pekee wa karibu ni jirani mmbeya.

Siku ya kuisoma, afisa akatokea bila taarifa. Nilianza kusoma, na karanga zikalia kra, kra. Nilipofika pale jirani anapofungua barua na kuanza kucheka, nilisikia kimya. Mikono yote ilikuwa imesimama. Nikafunga daftari.

"Tutamalizia kesho."

"Ai, mwalimu! Usituchezee!" Mama Atieno alifoka. "Huyo anacheka nini?"

"Hata mimi nataka kujua," afisa akasema.

Nilishusha pumzi niliyoibana tangu siku ya kwanza. Darasa halikufungwa. Baadaye nilihamishiwa Kegonga, ambako walipukuchua mahindi badala ya karanga, lakini kipimo kilikuwa kile kile.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaotaka kuandika hunijia wakidai kanuni. Nawaambia: mpe mtu haja, mzibie njia, na usimwokoe upesi. Kisha nawapeleka jikoni wamsomee mke wangu akipika, maana yeye hana subira na maneno matupu.

Juzi msichana mmoja alisoma hadithi yake. Tulikula mboga zilizoungua, na sijawahi kufurahia chakula namna ile.