Ndoo Yenye Mfuniko

Taka zinafunikwa tangu lini?

Swali hilo lilininyima raha wiki nzima. Nina mgahawa mdogo. Kila saa tisa mchana mpishi wangu, tunamwita Mama Mwiko, alikuwa anatoka mlango wa nyuma na ndoo ya maganda na mabaki. Ndoo ina mfuniko, na mfuniko umefungwa kamba.

"Mama Mwiko, humo mna nini?"

"Maganda, bosi."

"Yamefungwa kamba yasitoroke?"

"Inzi, bosi." Akaenda zake.

Shule niliiacha mapema, lakini macho ninayo. Mwaka jana vijiko vilikuwa vinapotea, nikamfukuza mhudumu. Mhudumu mwenyewe ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tangu siku hiyo mke wangu ananiwekea chakula mezani bila neno.

Na vijiko vikaendelea kupotea.

Nikajua tu, wezi walikuwa wawili. Sasa na nyama yangu inaondoka chini ya maganda.

Ijumaa nikamfuata.

Akazunguka nyuma ya nyumba mpaka kiwanja kilichokuwa jalala. Nikakuta lundo linafuka mvuke, majirani wanamwaga ndoo zao na kufunika kwa majani makavu. Pembeni, ameshika chekeche, nani? Shemeji.

"Leo nimewapata."

Nikapokonya ndoo, nikaimwaga chini. Maganda ya viazi. Maganda ya mayai. Makapi ya chai. Wali uliobaki. Nyama, hata unyuzi haukuwamo.

"Umeridhika, bosi?" Mama Mwiko akauliza. "Au nivue na viatu?"

Watu wakacheka. Shemeji hakucheka. Aliingia kibandani, akatoka na kopo la rangi, akalitikisa.

Vijiko vyangu.

"Mboji ikiiva naichekecha kabla ya kuwapa watu wa bustani," akasema. "Hivi vinabaki juu. Vinakuja na mabaki ya sahani."

"Mbona hukuvirudisha?"

"Ili useme umenikamata navyo?"

Akanikabidhi kopo.

"Shemeji, nani anakomba sahani pale kwako?"

Mimi. Tangu siku ya kwanza. Sikumwamini mtu mwingine, asije akachomoa mnofu.

Nikamwomba arudi kazini, mbele ya watu walewale. Akasema kazi anayo. Akaionyesha ile taka niliyomwaga.

Nikapiga magoti, nikaanza kuizoa. Chini ya wali kulikuwa na kijiko.

Ndugu msomaji, ukimshuku mtu, kagua kwanza mikono yako. Mimi mwenzenu mpaka leo nakula bila neno.