Mguu wa Plasta na Mbwa wa Jirani

Nilivunjika mguu kwa kuteleza tu. Nilikuwa nimebeba mtungi wa gesi begani, nashuka kwenye mashua ya injini upande wa kisiwa cha Chale, na mawe yalikuwa na utelezi wa kijani. Mguu wa kushoto ukaingia katikati ya mawe mawili, mwili ukaangukia upande mwingine. Hospitalini walinifunga plasta kutoka vidoleni hadi juu ya goti, wakanipa magongo mawili, wakaniambia nikae nyumbani wiki sita bila kuukanyagia.

Kukaa nyumbani ndiko kulikonishinda. Tangu ujana wangu nimekuwa nikiondoka hapa Gazi alfajiri na kurudi jua limeshapoa, kwa hiyo sikujua kwamba nyumba yangu mwenyewe ina mchana mrefu namna ile. Mke wangu alikuwa akienda kwenye kitalu cha mikoko pamoja na wanawake wenzake. Watoto wetu wameshaoa na kuolewa, wana makwao. Nikabaki mimi, redio na kitanda cha kamba uani. Nalala, nakaa, nasimama kwa magongo, nafika mlangoni, narudi. Naifungua simu, hakuna aliyenitafuta, naifunga, naifungua tena. Plasta ikiwasha kwa ndani nilikuwa nikichomeka kijiti cha ufagio na kujikuna hadi machozi yanilengelenge.

Siku ya nne kuku wa mke wangu akaangua vifaranga kumi na mmoja.

"Sasa umepata kazi," mke wangu aliniambia huku akiwamwagia machicha ya nazi. "Kunguru, huyu koo anawamudu mwenyewe. Mbwa, hawawezi. Na wale wa jirani wakishasikia sauti za vifaranga hawatulii. Ukae hapa uwatazame."

"Mimi nahodha, leo niwe mchunga vifaranga?"

"Kwani leo una abiria gani?"

Akavaa buibui lake akaenda zake.

Jirani yetu ni mama mtu mzima aliyehamia hapa kutoka upande wa Kinango, yeye na mumewe, zamani. Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Kati ya shamba lake na ua wetu pana kizuizi cha makuti kilichochakaa, hata mtoto anaweza kukipenya. Ana mbwa watatu: mmoja mweusi, mmoja wa rangi ya majani makavu, na jike mwenye madoa. Sisi Waislamu wa hapa wengi wetu hatufugi mbwa, lakini tulikuwa tumeshazoea kuwasikia wakibweka, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya pili ya ulinzi wangu, karibu na adhuhuri, niliingia ndani kutafuta chaja ya simu. Sikukaa hata dakika tano. Nikasikia kuku akipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Nilitoka kwa kasi niliyoiweza, na plasta ikagonga kizingiti nikaona nyota. Uani, yule mweusi na yule wa rangi ya majani walikuwa katikati ya vifaranga, na koo anawarukia machoni manyoya yamemsimama. Nikamtupia mweusi gongo moja kwa nguvu zangu zote. Likampita. Mbwa wakatokea pale pale walipoingilia, nami nikajikuta nimesimama kwa mguu mmoja, gongo langu liko mbali chini ya mdimu. Nilikaa chini nikajiburura kwa makalio hadi kulifikia.

Niliwahesabu vifaranga. Saba. Mmoja wao alikuwa amelala ubavu, mdomo unafunguka na kufumba bila sauti. Nilimtia kiganjani nikampulizia, sijui kwa nini, na humo kiganjani akafa.

Mke wangu aliporudi alitazama chini ya tenga nililowafunikia waliobaki, akatazama kitambaa nilichomfunikia yule aliyekufa. Hakunigombeza. Alichukua jembe akachimba kando ya mdimu, akarudi akaosha mikono, akaniuliza, "Umekula?" Laiti angenigombeza. Sikupata raha jioni ile yote. Kila kuti lililochakarika nilikuwa nimeshashika magongo.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani. Ni mwendo mfupi, lakini kwa magongo na mchanga nilifika shati limenilowa.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mguu u hali gani?"

"Mguu unaendelea, alhamdulillahi. Nimekuja kwa habari ya mbwa. Jana wamemaliza vifaranga watano wa mke wangu."

Alikuwa akipukuchua kunde. Akaacha. "Poleni sana," alisema. "Lakini nikiwafunga hawa, tumbili nitawafukuza na nani? Mahindi yangu ndiyo kwanza yameanza kubeba. Utakuja kuwafukuza wewe na magongo yako?"

Neno hilo la magongo likanipandisha hasira. Nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya. Nilisema, "Basi mama, usije ukashangaa siku moja ukikuta wametiliwa sumu. Watu hawavumilii kama mimi."

Aliziweka kunde kando. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kamba. "Nitawafunga," alisema. "Neno hilo usilitamke tena hapa kwangu."

Niliondoka nimepata nilichokitaka, na moyo haukutulia hata kidogo.

Mbwa walilia kutwa. Siku ya tatu tumbili wakaja. Kutoka kitandani kwangu niliwaona wakishuka kwenye miembe, wakubwa mbele, nyuma majike wenye watoto waliowang'ang'ania matumboni. Yule mama alitoka na debe na kijiti, anapiga, anapiga kelele, anakimbilia upande huu wa shamba. Wao wanahamia upande ule. Anakimbilia kule, wao wanarudi huku, wanavunja hindi, wanauma mara moja, wanatupa, wanavunja jingine. Mbwa wanajirusha hadi kamba zinawakaba. Nilisimama kwa magongo yangu nikapiga kelele na mimi, na tumbili mmoja alikuja akakaa juu ya bati la jiko letu akanitazama tu. Mwishowe nilimwona mama yule amekaa chini katikati ya mahindi, debe mapajani, hapigi tena.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Nikamsimulia na lile la sumu, maana sikuweza kukaa nalo.

"Ulimwambia hivyo mjane?"

Alijitanda leso akaenda kwa jirani peke yake, akakaa huko hadi magharibi. Aliporudi alisema wamekubaliana: mbwa wafunguliwe mpaka mahindi yavunwe, na vifaranga wafungiwe. "Na tundu utalijenga wewe," akamaliza. "Mikono haikuvunjika."

Nililijenga nikiwa nimekaa chini, plasta nimeinyoosha mbele kama gogo. Fito zilikuwapo, na mke wangu aliniletea wavu wa samaki uliokwisha kazi. Kwa siku mbili zile sikuitazama simu. Vifaranga sita na mama yao wakaingia, nikaridhika. Asubuhi ya pili yule jike mwenye madoa akachimba chini ya wavu wakati mke wangu yuko kisimani na mimi niko chooni. Alichukua wawili. Nilipanga mawe kuzunguka tundu lote huku nikitukana peke yangu, na maneno mengine nilikuwa nikiyarudisha kwa istighfari.

Siku ile ile mchana, yule mama akabisha hodi. Alikuwa amemshika jike kwa kamba fupi.

"Marehemu alikuwa akiwafundisha kwa namna hii," alisema. "Mimi sijui kama nitaweza. Yeye walimsikia."

Akakaa karibu na tundu, mbwa ubavuni pake. Mbwa akivuta kwenda kwa vifaranga, anavutwa kamba na kukemewa kwa Kiduruma, lugha ya kwao. Akitulia, anakunwa shingo. Mimi nilirudi nyuma pamoja na mkeka wangu wa kuswalia.

"Usiogope, najua," alisema. "Nimekaa nanyi miaka mingi."

Hata hivyo, siku ya tatu ya mafunzo mbwa alinyoosha shingo akairamba leso niliyoifunga juu ya plasta. Mke wangu aliifua mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyoamuru kwa mate ya mbwa, anacheka mpaka anakosa pumzi. Hakuwa amecheka tangu siku niliyoanguka.

Alasiri ya siku hiyo, mbwa akiwa amelala na kidevu juu ya miguu yake, nilisema, "Mama, lile neno la siku ile. Nisamehe."

Hakugeuka. "Tangu siku ile kila alfajiri naamka kwenda kutazama kama wako hai," alisema. "Kabla hata ya kunawa uso."

"Nisamehe."

"Nimekusikia, mwanangu."

Jike alifunzika. Wa rangi ya majani alifunzika nusu. Mweusi hakufunzika kabisa, naye akabaki wa kamba, anafunguliwa tumbili wakionekana tu. Kifaranga mmoja alikufa asubuhi moja bila jeraha wala ugonjwa tuliouona. Watatu wakakua. Nilitolewa plasta, mguu ukatoka mwembamba na mweupe wa magamba, nikaanza kujifunza kutembea hadi ufukweni na kurudi, kisha nikarudi kazini.

Mke wangu amemtilia yule kuku mayai mengine tisa. Nilimwambia asubiri kwanza, hata ua wa makuti hatujautengeneza. Akasema kuku akitaka kuatamia hasubiri fundi. Ameangua vifaranga wanane wiki iliyopita. Jana nikiwa Chale, abiria hawajamaliza kushuka, nilimpigia simu.

"Wako wangapi?"

"Wanane. Ulinipigia asubuhi nikakwambia wanane."

"Na mweusi amefungwa?"

"Shusha watu wako," alisema, akakata.